Pedeli ya breki kulainika ukishuka Lushoto: usikimbilie kununua pedi

Mkuu mleta uzi, maelezo yako nimeyasoma vizuri. Unasema IST yako ukishuka nayo toka Lushoto pedeli inaanza kulainika, ukikaribia Mombo inazama mpaka karibu na kapeti, ukipaki ukanywa chai inarudi, na ukifika Tanga mjini iko freshi kabisa, sasa fundi kakwambia ununue pedi mpya. Mimi niko Pongwe, ile njia naipiga na Noah kufuata mboga, na kwa dalili hizo mimi pedi naziweka mwisho, naanza na mafuta ya breki.

Ule mteremko ni kilomita 33 hivi za kona, unaanzia kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukishuka mguu uko kwenye breki muda wote moto wa diski unapita kwenye pedi unaingia kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) unayafikia mafuta. Mafuta ya breki yananyonya unyevu kidogo kidogo hata gari likiwa limepaki, na huku pwani unyevu upo mwaka mzima. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini yakishakunywa maji kiwango hicho kinashuka mpaka 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unaminyika, mafuta hayaminyiki, kwa hiyo unakanyaga weee nguvu yote inaishia kuminya mvuke, pistoni hazisukumwi. Vikipoa pedeli inarudi, ndio maana fundi hapo gereji haoni kitu.

Noah yangu ilifanya hivyo hivyo. Fundi alichomeka kimpira kwenye nipo (kile kitundu cha kutolea upepo) ya gurudumu la nyuma kushoto, ambalo liko mbali zaidi na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli), upande wa pili akauzamisha kwenye chupa tupu ya maji iliyowekwa mafuta ya breki kidogo, dogo ndani anakanyaga, "kanyaga... shikilia... achia", na haachii mpaka nipo ifungwe la sivyo upepo unarudi ndani. Yalitoka kahawia iliyoiva na vipovu vinapanda kwenye chupa, wakaendelea huku wanajazia mapya juu mpaka yakaanza kutoka meupe ya kimanjano. Pedi tuliziacha zile zile na mlimani pedeli ikabaki juu. Kila miaka 2 badilisha, hata kama gari halitembei sana.

Sasa tofautisha na pedi kuunguzwa na moto. Hapo pedeli inabaki ngumu na juu ila gari halisimami, na harufu ya kuungua unaisikia. Vyovyote iwavyo shuka kwa gia, otomatiki toa O/D (ile gia ya juu ya mwendo kasi) weka 2 au L, breki kanyaga kwa nguvu mara moja moja halafu achia zipoe. Na nyutro mlimani jamani tuacheni, petroli unayookoa haifiki popote.

Kama gari limesimama, injini inawaka, umekanyaga ukashikilia na pedeli inazama taratibu huku mafuta hayapungui kwenye kopo la mafuta ya breki, hizo ni raba za ndani za masta silinda. Ikiwa ngumu kama unakanyaga ukuta, angalia sevo (kile kifaa kinachokuongezea nguvu ya kukanyaga) na hosi yake: zima injini, pampu mara kadhaa mpaka iwe ngumu, shikilia, washa. Isipoteremka kidogo basi sevo haifanyi kazi.

Usukani kutetemeka ukishika breki mara nyingi ni diski. Gari likivuta upande mmoja, ukisimama sogeza mkono karibu na rimu bila kugusa, yenye moto kuliko wenzake kalipa yake imeganda. Mlio mwembamba ni kibati cha pedi kinakuambia zimeisha, zikifika milimita 3 toa. Ukisikia chuma kinasaga chuma usiendeshe. Ila nyie wa Raskazone gari likilala karibu na bahari asubuhi linakwaruza breki za mwanzo halafu kimya, hiyo ni kutu ya juu ya diski tu.

Mafuta yakipungua kwenye kopo usijazie ukaondoka, kagua unene wa pedi na chungulia ndani ya magurudumu kama kuna kulowa. Wala usiweke ATF (oili ya gia otomatiki) au oili ya injini, raba zote zinavimba. Na kuna mafundi gurudumu likivuja wanaziba paipu yake ili "ufike nyumbani", hili linaniuma sana, gari linabaki na breki pungufu na mwenyewe anapakia familia. Ukiambiwa hivyo chukua funguo zako ondoka, ita la kuvuta.

Mkuu fanya kwanza lile jaribio la kushikilia pedeli gari likiwa limesimama, halafu fungua kopo uangalie rangi, kisha andika hapa umeona nini. Kama haizami na mafuta ni kahawia, nunua DOT iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kopo lako, chupa iwe haijafunguliwa, na Lushoto usipande mpaka yabadilishwe.