Kwa Mnaojiunga na Vikundi vya Uhifadhi wa Pwani

Kila mwaka vijana wapya huingia katika vikundi vyetu vya pwani ya Kenya, kuanzia Vanga hadi Kiunga. Wengine wametoka chuoni na shahada ya mazingira, wengine wametoka moja kwa moja kwenye mtumbwi wa baba. Karibu wote huja wakidhani kazi ni miti, samaki na wageni. Mimi niko katika kazi hii kwa miaka mingi, upande wa Kwale, na ningependa mlijue hili mapema: kazi yetu ni mapatano ya watu. Nani aache kuvua wapi, kwa muda gani, na nyumbani kwake kutapikwa nini wakati anasubiri? Mkilishika hilo, mengine yote nitakayoyataja hapa mtayaelewa kwa urahisi.

Anzeni na maji. Kabla hujajua jina la Kilatini la mti wowote, jua bamvua na maji mafu. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani ya Kenya huweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana, na mwamba unaotaka kuwaonyesha wageni huenda usijitokeze kabisa. Ratiba ya doria, ya kupanda miche, ya kupeleka wageni kwenye matumbawe, hata ya mkutano, hufuata maji. Ukiitisha mkutano saa ambayo maji yamepwa vizuri, akina mama wanaochokoa pweza hawatakuja, na utaamua mambo ya mwamba bila watu wanaoujua mwamba kuliko wote. Nimeyaona mapatano mazuri kwenye karatasi yakivunjwa ndani ya wiki moja kwa sababu hiyo tu.

Sasa mikoko. Wengi hupenda kuanza na kupanda, kwa kuwa siku ya kupanda ina fulana mpya, ina mgeni rasmi na ina picha. Lakini miche mingi inayopandwa kwa shangwe hufa, na sababu zinajulikana. Imepandwa mahali ambapo mikoko haijawahi kuota, mara nyingi juu ya nyasi za baharini ambako tafi hula, kwa vile pale pako wazi na hapana ugomvi wa ardhi. Au umepandwa mti usio wa mahali pake. Kenya ina aina tisa za mikoko, na kila aina ina kimo chake cha maji. Mlilana hukaa mbele, ukiikabili bahari. Mkoko wenyewe hufuata, kwenye tope laini. Mkandaa hupenda juu zaidi, na mchu hupatikana hata kule ambako maji hufika siku za bamvua tu. Mbegu ndefu za mkoko huanza kuota zikiwa bado mtini, kwa hiyo unaweza kuzichomeka moja kwa moja kwenye tope. Mchu na mlilana zinataka kitalu na subira.

Kwa hiyo mkipelekwa mahali palipo tupu, ulizeni kwanza: hapa palikuwa na mti? Ulikufa kwa nini? Kama ni mchanga ulioletwa na mafuriko, au barabara iliyoziba njia ya maji, fungueni njia ya maji kwanza. Mara nyingi maji yakirudi, mbegu huja zenyewe bila hata mgeni rasmi. Muulizeni na mzee aliyekuwa akikata boriti hapo zamani. Anajua kila mkono wa hori, na anapoona ameulizwa kwa heshima, badala ya kusutwa kwa ukataji wake wa jana, huwa mlinzi mkali kuliko askari wa misitu.

Gazi, kijiji cha huku Kwale, ni mfano ambao kila mgeni wa kazi hii anapaswa kwenda kuuona. Ghuba ile ilikatwa vibaya miaka ya 1970, kuni zikienda kwenye viwanda na tanuri za chokaa. Mapema miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, akiwemo Dkt. James Kairo, walianza kujaribu kupanda upya wakishirikiana na wanakijiji. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, ambao vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo miti yao huivuta na kuihifadhi, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, chini ya Plan Vivo, utaratibu unaothibitisha miradi ya aina hiyo. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata mwaka 2019 na mradi wao wenyewe, kwenye eneo kubwa zaidi, zaidi ya hekta 400.

Wageni wengi wa kazi husikia habari ya kaboni wakakimbilia kuuliza bei ya tani. Mimi ningewaomba muangalie mambo mawili mengine. La kwanza ni mvinje. Mradi ule haukusema tu "msikate mikoko"; ulipanda pia mivinje nchi kavu ili watu wapate miti ya kujengea na kuni. Nyumba ya pwani inahitaji boriti na fito, na chungu kinahitaji moto. Ukikataza bila kuonyesha mti mwingine wa kukata, unamtuma jirani yako akate usiku. La pili ni kwamba fedha za kaboni ziliingia kwenye mambo ambayo kila mtu anayaona: maji ya bomba, vitabu na vifaa vya shule. Mama ambaye hajawahi kuingia msituni anachota maji na anajua yametoka wapi. Hilo linalinda msitu kuliko kibao cha onyo.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwenye fedha, maana ndiko vikundi vinakofia. Sijaona kikundi cha pwani kilichouawa na ukosefu wa wageni peke yake. Nimeona vilivyouawa na daftari moja lililokaa nyumbani kwa mtu mmoja. Ada ya kupita kwenye daraja la mbao au ya kutembezwa mikokoni ni ndogo, inalipwa mkononi, hakuna risiti, na jioni kila mtu anakadiria kichwani mwake ni kiasi gani kimeingia. Makadirio ya watu wasiokuwepo siku zote ni makubwa. Maneno huanza msikitini, sokoni, kwenye kisima, na kabla ya msimu kwisha kikundi kimegawanyika viwili.

Dawa yake ni kazi ya kila siku na haina sifa. Bei iandikwe kwenye ubao mahali mgeni na mwanakijiji wote wanaiona. Risiti ikatwe hata kwa mtoto wa mwenyekiti. Fedha ziingie benki au kwenye simu yenye watia saini zaidi ya mmoja. Kila baada ya muda mliokubaliana, hesabu isomwe barazani kwa Kiswahili au Kidigo au Kigiriama, lugha ambayo bibi wa miaka sabini ataelewa na kuuliza swali, na aulize. Jihadharini na posho. Mradi ukizoesha watu kulipwa kwa kukaa mkutanoni, siku posho ikikatika hata wale waliokuwa wakija kwa mapenzi hawaji. Nauli kwa aliyetoka mbali ni haki. Kulipwa ili usikilize habari za mwamba wako mwenyewe si jambo la kulizoea.

Kufunga eneo la bahari ni kugumu zaidi kuliko kulinda msitu, kwa sababu samaki haonekani akiongezeka. Kuruwitu, huko Vipingo katika Kaunti ya Kilifi, wavuvi na wenyeji waliunda chama chao mwaka 2003 baada ya kuona bahari inaishiwa, kisha wakatenga hekta 30 hivi zisivuliwe. Ndiyo tengefu ya mwanzo Kenya iliyoanzishwa na jamii yenyewe. Leo wageni huogelea pale kutazama matumbawe, na wavuvi huvua nje ya mpaka. Ukiitazama sasa inaonekana rahisi. Lakini fikiria yule aliyekuwa akitega malema yake pale pale, karibu na nyumbani, na hana boti ya kwenda nje ya mwamba. Siku ya kwanza ya tengefu, yeye amepoteza na tajiri wa boti hajapoteza chochote. Kabla hamjachora mpaka, orodhesheni kwa kazi zao watu watakaoumia: wachokoaji pweza, waokota chaza, vijana wa mishipi, wazee wasiofika mbali. Kila mmoja awe na jibu lake, hata kama ni dogo, na asikie jibu hilo kabla boya halijatiwa majini.

Kama jamii yenu bado haina imani, anzeni na pweza. Kisiwa Panza huko Pemba, na sehemu nyingine za pwani ya Tanzania kama Songosongo, wavuvi hufunga kipande cha mwamba kwa miezi mitatu hivi kisha hukifungua. Pweza hukua upesi mno, na maisha yake yote ni mafupi, mwaka na ushei tu. Jike hukaa akilinda mayai yake bila kula, na yakiangua hufa. Kwa hiyo miezi michache inatosha kuonyesha tofauti kwenye mizani, na macho ya watu huamini mizani. Tatizo ni siku ya kufungua. Habari zikisambaa, mashua za mbali hufika alfajiri, na walioacha kuvua kwa miezi mitatu huondoka na kidogo. Kubalianeni mapema nani ataingia, kwa zana gani, na kwa saa ngapi. Andikeni, na viongozi wa kamati ya uvuvi wa ufuoni wawe na nakala. Kenya kamati hizo, BMU, zilipewa kanuni zake mwaka 2007, na bila wao makubaliano yenu hayana nguvu mbele ya mgeni.

Kuhusu wageni watalii nitasema machache, maana hili mtalijifunza upesi. Usimruhusu mgeni asimame juu ya tumbawe, hata akiwa amelipa vizuri. Usimtolee kiti cha pweza, yule nyota wa bahari, majini ili apige picha. Nahodha mmoja akifanya, wote watafanya kesho yake. Pomboo wa hifadhi ya bahari ya Kisite hawafukuzwi: boti ipunguze mwendo, ikae ubavuni, na wao ndio waamue kukaribia. Kwenye kiota cha kasa hakuna tochi kali wala kelele. Na ukiulizwa jambo usilolijua, sema utamuuliza mzee, kisha umuulize kweli.

Ila jambo moja la wageni nalipenda kulisisitiza. Nendeni Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wamijikenda karibu na Diani. Mgeni hufungwa shuka nyeusi kabla ya kuingia, na hatoki hata na jani. Kaya za Mijikenda ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini heshima ile ilikuwapo kabla ya shirika lolote kufika. Nimewaona wageni kutoka kila bara wakifuata masharti yale bila ubishi, kwa sababu wanaona wazee wenyewe wanayafuata. Kijana anayemkataza mtalii kutupa chupa huku mfuko wake wa muguka uko chini ya mkoko hatasikilizwa na mtu.

Msije mkategemea utalii peke yake. Kuanzia Aprili kusi likipamba moto, bahari huchafuka, mvua huja, na hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi au hufunga kabisa. Hilo ni la kila mwaka. Kisha kuna miaka kama 2020, ugonjwa wa korona ulipofuta wageni wote kwa mkupuo. Kikundi chenye mizinga ya nyuki mikokoni, au shamba la mwani kama la akina mama wa Kibuyuni, au mauzo ya kaboni, kina kitu cha kushika wageni wasipofika. Gaweni mapato ya kaskazi, msimu wa wageni, mkijua kusi linakuja, na akiba hiyo itajwe barazani, isije ikadhaniwa imeliwa.

Sheria nayo isiwatishe. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo kijiji hakiwezi kuuza wala kukodisha chochote ndani yake bila makubaliano ya usimamizi na Huduma ya Misitu, kupitia jumuiya ya misitu iliyosajiliwa. Akitokea mtu na mkataba wa kaboni wa kurasa nyingi za Kiingereza akitaka mwenyekiti atie saini leo leo, mwambieni arudi baada ya mkataba kutafsiriwa na kusomwa barazani. Mwekezaji wa kweli atarudi.

Na nyinyi mliosoma, mkiingia kwenye kikundi msiombe cheo. Ombeni kuandika mihtasari. Katibu anayeandika alichosema kila mtu, pamoja na waliopinga, na kukisoma tena mwanzo wa mkutano unaofuata, hujifunza kijiji kizima kwa mwaka mmoja: nani amegombana na nani kuhusu mpaka wa shamba, mke wa nani anamiliki malema mangapi, mzee gani akinyamaza maana yake hajakubali. Wekeni nakala mbili, moja ofisini na moja kwa mtu mwingine, na mkiondoka kwenda kazi nyingine mkabidhi daftari mbele ya mashahidi, ukurasa kwa ukurasa.