Jibu: Chai ya Tukuyu, Mufindi au Kericho, ipi ina madini zaidi?

Mkuu, umesema mkeo ni mjamzito, kliniki wamemwambia damu imepungua, na jirani kamshauri atafute chai ya Tukuyu kwa kuwa udongo wa volkano una madini mengi. Nauza majani ya chai ya kupima hapa Soko la Majengo na swali hili naletewa kila mara, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu.

Eneo lina mchango wake, hilo halina ubishi. Maabara wakipima madini ya chai wanaweza hata kubaini ilikotoka. Mchai hupenda udongo wenye tindikali, na tindikali ikizidi, manganizi na alumini huyeyuka zaidi na mizizi ikavivuta. Lakini ndani ya shamba hilo hilo moja, umri wa jani nao unabadilisha mambo sana. Majani mawili na kichomozo chake yana potasiamu ya kutosha. Jani lililokomaa limeshajaza alumini na floraidi, ile inayoharibu meno ikizidi. Ndiyo maana mteja akija namwagia kidogo kiganjani: akiona vijiti vyekundu na nyuzinyuzi nyingi, ajue hapo yamechanganyika majani makuukuu, yawe ya Mufindi, Lushoto au Kericho.

Sasa njoo kikombeni, maana mkeo hatafuni majani. Kikombe cha chai ya rangi cha mililita 240 kina potasiamu kama miligramu 88 na manganizi kama nusu miligramu. Chuma, madini yanayojenga damu, hakifiki hata sehemu ya kumi ya miligramu, wakati mjamzito anahitaji miligramu 27 kwa siku. Kubadilisha shamba hakuwezi kuziba pengo hilo.

Tena kuna tanini, ile inayokausha ulimi chai ikikolea. Hiyo hushika chuma cha mlenda, maharage na ugali wa uwele, mwili ukakosa kukifyonza. Kwa mwenye damu pungufu, chai juu ya chakula ni hasara tupu, na hapa kwetu ndivyo wengi tunavyokunywa.

Maji nayo msiyasahau. Ule utando wa kahawia unaoelea juu ya chai ukitumia maji yetu ya visima ni chokaa ya maji imekutana na chai; kamulia limau uone unavyopotea. Na ndugu zetu wa Singida, ambako baadhi ya visima vina floraidi nyingi, wajue chai inaongeza nyingine juu yake.

Kwa hiyo mkuu, hela ya kuagiza chai Tukuyu mnunulie dagaa, maini kidogo na mboga za majani. Mlo uende na juisi ya ubuyu, vitamini C yake husaidia kufyonza chuma cha mboga. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki asivimeze kwa chai wala maziwa, atumie maji. Chai asinyimwe, ila ikae mbali na chakula na vidonge, angalau saa moja au mbili.