Usikisawazishe Kilima Kama Nilivyofanya

Wiki jana msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimepata ploti Kitisuru, Nairobi, bei nzuri, ila ukisimama barabarani huoni inakoishia. Ninunue?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Yangu ya Lower Kabete ilikuwa hivyo hivyo, futi 50 kwa 100, imeinama kuelekea bondeni kama paa.

Nilichotaka mimi ni nyumba ya tambarare. Mjenzi akaleta katapila, akakata kilima upande wa juu, kifusi akakimwaga chini, pakawa uwanja. Tukajenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, mita tatu kwenda juu. Nilipigwa picha nimeuegemea.

Masika ya 2018 mnayakumbuka. Asubuhi moja nilikuta ukuta umetoa tumbo, maji mekundu yakichuruzika kwenye ufa. Hatukuwa tumeacha hata tundu moja la kutolea maji! Udongo ule mwekundu ulishiba, maji yakakosa njia, yakasukuma. Siku ya tatu ukalala kwenye migomba ya jirani. Shemeji yangu hadi leo huniita Mama Ukuta, na sijamsamehe.

Mhandisi wa pili alikataa kuchora chochote kabla mpima ardhi hajaleta ramani ya miinuko. Nyumba ikashuka na kilima, sakafu tatu: gari na jiko juu, usawa wa barabara (mtungi wa gesi haubebwi ngazini), sebule katikati, vyumba vya kulala chini vikitazama bonde. Upande wa juu wa nyumba tukachimba mtaro wa kuyakinga maji kabla hayajafika. Badala ya ukuta mmoja mrefu, kuta mbili fupi, kokoto nyuma yake na mabomba ya kutolea maji. Leo wageni hawatoki bila kupiga picha, na mimi siwazuii.

Mama alipokuja mara ya kwanza alizihesabu ngazi kwa sauti hadi kumi na nne, akaketi. "Mwanangu, umejenga nyumba au mnara?" Ofisi yangu ya juu ikawa chumba chake.

Kwa hiyo wapendwa, acheni kuazima mchoro wa rafiki aliyejenga Syokimau. Kule ni tambarare na udongo mweusi, shida zake ni nyingine kabisa. Anzeni na maji. Narudia, maji.

Na wewe dada wa Kitisuru, nenda siku ya mvua, vaa gambuti, usimame chini kabisa ya ploti uangalie. Ile picha nimeegemea ukuta bado ninayo kwenye simu, ukitaka nitakutumia.