"Needy": mhitaji, au mtu wa kubembelezwa?

Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini msomaji wako alikunja uso ulipoandika "she is needy", nawe ulimaanisha tu kwamba mama yule ni mhitaji.

Tazama kwanza neno limekaa wapi. Likitangulia "families" au "students", linasomeka vizuri: waliopungukiwa na fedha au mahitaji ya lazima. "The needy" ni wahitaji kwa jumla, na kitenzi chake ni cha wingi: "the needy are". Lakini likimwelezea mtu mmoja baada ya "is", wengi husikia jambo jingine kabisa: mtu anayetaka kubembelezwa kila saa, anayeng'ang'ania wenzake. Hapo ndipo ulipokwaza.

Mimi hutafsiri barua za kuomba misaada, na niliteleza hapohapo. Aliyeandikwa aliumia, ikabidi nimwombe radhi. Tangu siku ile naandika "a mother in need". Naona lina heshima zaidi, maana linataja hali aliyo nayo, halimpachiki tabia.

"Poor woman" nalo liangalie, mara nyingi ni kuhurumia tu, kama sisi tunavyosema "maskini!", hata kwa tajiri aliyefiwa.