Kabla Mtoto Hajaitwa Mtoro

Nilifundisha shule ya msingi jijini Dar es Salaam kwa miaka kumi na mmoja, na katika kazi zote nilizopewa hakuna niliyoifanya kwa bidii nyingi na kwa makosa mengi kama zamu ya getini. Kengele ikishalia na wanafunzi wakishapanga mstari, geti lilifungwa, na kila aliyelikuta limefungwa alipiga magoti mchangani akisubiri fimbo yangu, kisha akapelekwa kufyeka nyasi hadi kipindi cha pili kiishe. Niliamini kwamba najenga nidhamu. Ilinichukua karibu miaka miwili kugundua kwamba baadhi ya watoto, wakiliona geti limefungwa, walikuwa wakigeuka wangali mbali, wakashinda kwenye vibanda vya michezo ya video, na saa ya kutoka wakarudi nyumbani na mabegi mgongoni kama wenzao. Mchelewaji nilikuwa nimemfanya mtoro kwa mkono wangu mwenyewe.

Sheria yenyewe haikunituma kufanya vile. Kwa mujibu wa kanuni za viboko za mwaka 2002, adhabu hiyo ni mamlaka ya mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na ni lazima iandikwe kwenye kitabu maalumu. Mimi sikuwa na maandishi yoyote mfukoni, wala sikumbuki kukiona kitabu hicho pale getini. Mzazi anayeyajua haya anaweza kwenda kuuliza kwa adabu, bila kugombana na mtu, na swali lake likasikilizwa.

Lakini mzazi naye ana la kujibu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka ahakikishe kwamba mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria mpaka amalize, na akilipuuza hilo anaweza kufikishwa mahakamani. Kwa kawaida mambo hayaanzii huko. Mwalimu wa darasa huona nafasi tupu kwenye daftari la mahudhurio, hutuma ujumbe au barua, mzazi huitwa, na asipofika jina hupelekwa kwa mtendaji wa mtaa. Mtoto asipoonekana kwa siku 90 mfululizo, huhesabiwa kuwa ameacha shule kwa utoro. Nimeona wazazi wakiipuuza barua ya kwanza kwa kudhani ni michango, kisha wakashangaa kukutana na mgambo mlangoni.

Kuchelewa hakumtii mzazi hofu kama utoro, kwa sababu mtoto yupo shuleni na jina lake limeitwa. Hebu tupige hesabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto anayechelewa dakika ishirini kila siku hupoteza dakika 3,880, ambazo ni vipindi 97 vya dakika arobaini. Na kwa kuwa vipindi anavyovikosa ni vilevile vya asubuhi, ambavyo kwetu vilikuwa vya hisabati, utamsikia mzazi akilalamika kwamba mtoto hana kichwa cha hesabu.

Kilichonibadilisha ni mvulana mmoja wa darasa la sita aliyechelewa mara tatu au nne kwa wiki, akachapwa, akafyeka, na bado akachelewa. Siku moja nilimuuliza, kwa uchovu zaidi kuliko kwa hekima, anaamka saa ngapi. Alijibu kwamba saa kumi na moja kamili huwa yuko kituoni, lakini makonda humkataa kwa sababu mwanafunzi hulipa nauli ya shilingi 200, nao wanataka abiria wa nauli nzima. Zile siku alizowahi zilikuwa siku ambazo jirani yao mwenye bodaboda alimpa lifti. Nilikuwa nimemwadhibu mtoto kwa kosa la makonda muhula mzima.

Tangu hapo niliweka daftari dogo la wachelewaji lenye safu tatu: tarehe, dakika na sababu. Baada ya wiki tatu sababu zilianza kujirudia: nauli, kuchota maji, kumsaidia mama kuchoma maandazi, na wachache ambao kwa kweli walikuwa wazembe tu. Hao wazembe walistahili adhabu, nami niliitoa, ila baada ya masomo, kwa kupiga deki darasa, ili kosa la kukosa kipindi lisilipwe kwa kukosa kipindi kingine. Mwalimu mwenzangu, anza na daftari hilo hata kama mkuu wako hajakuagiza.

Wewe mzazi, mtoto akiugua au akisafiri kwa msiba, andika barua siku hiyohiyo, ukitaja jina, darasa, tarehe za kutokuwepo na namba yako ya simu, kisha ubaki na nakala. Ahadi ya mdomoni husahaulika mwalimu anapohamishwa. Kagua madaftari yake kila Ijumaa, maana tarehe zinazorukwa humfichua mtoro mapema kuliko barua ya shule. Na kama jina limeshaondolewa, usikate tamaa: Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, ambao wengi wanaujua kwa habari ya wasichana waliopata ujauzito kuruhusiwa kurudi shuleni, unawahusu pia waliokatiza masomo kwa sababu nyingine. Nenda kwa mkuu wa shule, na ukikwama, kwa afisa elimu wa kata, ukiwa na mtoto mwenyewe.