Kabla ya Kumhukumu Othello, Msikilizeni Anayemsema

Ninyi mnaoanza kusoma Othello, tamthilia ya William Shakespeare juu ya jenerali mweusi wa jeshi la Venice, mkimaliza onyesho la kwanza msiandike hata sentensi moja kuhusu tabia ya Othello. Hamjamwona bado. Yote mnayoyajua juu yake mmeyasikia kwa Iago na Roderigo, wanaume wawili wenye kinyongo wanaozungumza barabarani usiku mjini Venice. Katika kufundisha tamthilia hii nimeona insha nyingi za mwanzo zikianguka hapo: mwanafunzi huyachukua matusi ya Iago na kuyaandika kama maelezo ya mhusika.

Anzeni na fedha. Tamthilia inafunguliwa na Roderigo akilalamika kwamba Iago amekuwa akichota kwenye mfuko wake apendavyo, kumbe muda wote alikuwa na habari na hakumwambia. Desdemona, binti wa seneta Brabantio, ameolewa kwa siri na Othello. Roderigo alikuwa amemposa, baba akamkatalia. Iago naye ana kidonda cha cheo. Alitaka uluteni, wakubwa watatu wa mji wakamwombea, lakini Othello akampa cheo hicho Michael Cassio, ambaye Iago anamdharau kama mtu wa hesabu kutoka Florence asiyewahi kupanga kikosi vitani. Iago akabaki mshika bendera. Angalieni hapo: Cassio, mweupe kama yeye, anabezwa kwa alikotoka kabla rangi ya Othello haijaguswa. Iago huokota tofauti yoyote iliyo karibu akaifanya silaha.

Fuatilieni majina pia. La Iago linatajwa mstari wa pili. La Othello halitamkwi katika onyesho hili lote, wala katika la pili. Wa kwanza kulitamka ni mtawala wa Venice, kwenye onyesho la tatu, naye anamwita shujaa kwa sababu anamhitaji aende kupambana na Waturuki. Mpaka hapo ni “yule Moor”, neno ambalo Waingereza wa enzi hiyo waliwaitia Waislamu wa Afrika Kaskazini na watu weusi bila kutofautisha sana. Tamthilia ilichezwa katika jumba la kifalme la Whitehall tarehe 1 Novemba 1604, na mwaka 1600 balozi wa Morocco, Abd el-Ouahed ben Messaoud, alikuwa amekaa London kwa miezi kadhaa. Mtu wa namna hiyo hakuwa ngano tupu kwa watu wa mji ule.

Sasa njooni chini ya dirisha la Brabantio, na hapa msiharakishe. Iago anapiga kelele: wezi! wezi! Itazame nyumba yako, binti yako na mifuko yako! Desdemona kawekwa katikati ya nyumba na mifuko ya fedha. Baba hajaambiwa kilichotokea, lakini ameshapewa namna ya kukiona: ameibiwa. Ndipo zinapofuata taswira za wanyama: kondoo dume mzee mweusi anampanda kondoo jike wako mweupe, binti yako na farasi wa Barbari (pwani ya Afrika Kaskazini), wajukuu watakaokulilia kama farasi. Katika onyesho hili, akiwa na Roderigo, Iago anazungumza kwa ushairi. Akifika kwenye uchafu mzito kuliko wote anaingia kwenye nathari, maneno ya kawaida yasiyo ya kishairi. Na yote anayasema gizani. Brabantio anauliza ni nani huyu mwenye kinywa kichafu hivi, naye hajitaji. Anayejitaja ni Roderigo.

Wengi humwandika Brabantio kama baba aliyedanganywa tu. Mimi sikubali. Mwenyewe anasema jambo hili halipishani sana na ndoto aliyoiota. Hofu ilikuwa imeshalala ndani yake, Iago akaiamsha. Baadaye Othello ataeleza kwamba mzee huyu alimpenda, akimwalika nyumbani mara kwa mara asimulie vita na hatari alizopitia. Alimtaka barazani, hakumtaka katika ukoo. Ndiyo maana Roderigo, aliyefukuzwa kama mhuni muda mfupi uliopita, ghafla anakuwa mkwe ambaye baba anatamani angempata.

Kuna mistari ambayo wanafunzi huiruka, na kwangu ndiyo inayolifungua onyesho zima. Iago anapojiandaa kuondoka, anamwambia Roderigo kwamba dola haiwezi kumwacha Othello, maana haina mwingine wa kiwango chake wa kuongoza vita vyake. Anayajua haya, na bado ametoka kupaza sauti kuhusu kondoo na farasi. Mkiandika kuhusu ubaguzi wa Iago, msiuite ujinga. Anaijua thamani ya mtu anayemtukana.

Kazi ya kufanya kwenye daftari: chagueni neno moja mlifuate. Chukueni “mwizi”. Iago analirusha dirishani. Onyesho la pili Brabantio anamwita Othello mwizi ana kwa ana. Onyesho la tatu analieleza baraza zima kwamba binti yake ameibwa kwa uchawi. Aliyelianzisha hayumo tena katika kesi. Fanyeni vivyo hivyo na neno “mweusi” mpaka sehemu kuu ya tatu ya tamthilia (Act 3), ambako Othello mwenyewe, akianza kumshuku mkewe, analitaja kama moja ya sababu ambazo huenda zimemfanya Desdemona amwache. Nukuuni mahali hapo, halafu rudini kuonyesha limepita vinywa vya nani kabla ya kufika kwake.