Kalsiamu kabla ya hedhi

Pole sana mdogo wangu. Hasira za ghafla, matiti kuuma na tumbo kujaa wiki nzima kabla ya hedhi si kudeka, na kalsiamu uliyoulizia inaweza kukusaidia. Kiwango kilichopimwa ni miligramu 1,200 kwa siku: kidonge cha 600 baada ya kifungua kinywa, kingine baada ya chakula cha usiku. Usichanganye na vidonge vya madini ya chuma kwa wakati mmoja. Nafuu huonekana zaidi mwezi wa tatu tangu uanze kuvitumia, kwa hiyo vumilia. Kama unakula dagaa wa Kariakoo mara kwa mara, wale wa kutafunwa pamoja na mifupa yao, kalsiamu unayo tayari, punguza vidonge. Umewahi kuugua mawe ya figo? Mwone daktari kwanza. Na ukianza kuwaza kujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo.